Yosefu Wawili wa Kitabu Kimoja

Katika kurasa hizi sitataja jina la mtu yeyote wa kwetu isipokuwa moja, na hilo nalitaja kwa sababu halikuwa la mtu mmoja. Ni Yosefu. Nilipoanza kazi ya ukatekista katika kigango chetu, upande wa Mwamkulu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulikuwa na Yosefu watatu tu, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe. Baada ya Pasaka nne, siku ya sikukuu ya somo wetu, niliwaomba Yosefu wote wasimame. Walisimama kumi na saba, wengine wakiwa migongoni mwa mama zao, na kanisa zima likacheka.

"Mwalimu," akasema mzee aliyekuwa akipiga ngoma ya kwaya, "ukiendelea hivi itabidi tuwapige namba kama mabehewa."

Nilicheka pamoja nao. Moyoni niliona fahari, na ni lazima niliseme hilo mapema, maana habari yote inayofuata ilianzia hapo.

Jina hilo nililipenda tangu chuoni. Mwalimu wetu wa Maandiko, padre mzee aliyefunga suruali yake kwa kamba ya katani, alitufundisha kwamba maana yake ni "na aongeze". Raheli alipendwa na mumewe lakini alikaa miaka mingi bila mtoto, huku akimwona dada yake akizaa na kuzaa tena. Alipompata wa kwanza hakumpa jina la kushukuru tu. Alimpa jina la kuomba: Mungu aniongezee mwingine. Mimi niliyezaliwa wa mwisho katika nyumba ya watoto wanane niliguswa sana kusikia kwamba nilikuwa nimebeba sala ya mtu tangu utoto wangu na sikujua.

Nao waliolichukua jina hilo katika Maandiko niliwapenda wote. Yule aliyeuzwa na ndugu zake akawa mtunza ghala la Misri, niliwafundisha watu kwa habari zake mwaka ule wa njaa, nao walinielewa haraka kwa sababu kila mmoja alikuwa na ghala tupu nyumbani. Yule seremala, mlezi wa Bwana, ambaye katika Injili hatusikii akisema hata neno moja. Na yule tajiri wa Arimathaya, aliyekuwa mwanafunzi kwa siri kwa kuwaogopa watu, mpaka saa ile alipojitokeza kuuomba mwili na kuuweka katika kaburi lake mwenyewe. Huyo wa tatu nilikuwa nikimpitia upesi darasani. Siku hizi ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Wakatekumeni wetu walisoma miaka miwili. Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka walikuwa wakija kwangu mmoja mmoja, kila mtu aseme jina atakalobatiziwa. Wachache walikuja na jina lao. Wengi walisema, "Nipe wewe, mwalimu." Nami nilikuwa nalo tayari.

Majina ya nyumbani sikuyaandika. Chuoni hakuna aliyetufundisha kuyakataa. Tulifundishwa tu kwamba ubatizo ni kuzaliwa upya, na mimi nikaongeza ya kwangu. Nilisema aliyezaliwa upya hawezi kutembea na nguo mbili, ya zamani chini na mpya juu. Watu walikubali kwa sababu mwalimu amesema. Jioni walirudi nyumbani wakaitana kama siku zote.

Pasaka moja kulikuwa na vijana wawili katika darasa langu, wote wa umri wa miaka kumi na saba hivi. Mmoja alikuwa akijifunza ufundi baiskeli kwa mjomba wake. Wa pili alilelewa na bibi yake mzaa baba, Mpimbwe aliyehamia kwetu zamani na kuacha majaruba ya mpunga kwao. Baba zao wote wawili walikuwa wamebatizwa siku moja, miaka mingi nyuma, kwa jina la mtume yule mwenye funguo. Wote wawili niliwapa Yosefu.

Alhamisi Kuu, mchana, bibi wa kijana yule alikuja kwangu. Alileta karanga mbichi kwenye ungo, akakaa kwenye mkeka na mke wangu, wakaanza kuzimenya pamoja. Hakuwa na haraka.

"Mwalimu, nimekuja kwa habari ya mjukuu wangu. Nasikia umempa Yosefu."

"Ndiyo, bibi. Jina zuri sana. Maana yake ni Mungu aongeze."

"Ni zuri, sikatai. Naomba tu na lile langu liandikwe pale pembeni. Hata kwa herufi ndogo."

"Bibi, mtu akizaliwa upya anapewa jina jipya."

"Kwani lile la kwanza linakufa?"

"Halifi. Linabaki nyumbani."

"Mimi sitaki libaki nyumbani. Nataka liende naye kanisani." Alimenya karanga mbili tatu kabla ya kuendelea. "Mama yake alikufa huyu akiwa na kitovu kibichi. Baba yake akaenda kwenye mkonge, hakurudi. Hata nguo ya kumfunika sikuwa nayo, nilimfunika kwa jina."

Jina lenyewe, kwa Kipimbwe, lilikuwa na maana ya "huyu ndiye aliyenibakia".

"Yosefu wako anaomba aongezewe," akasema bibi. "Langu linasema huyu ndiye aliyebaki. Hayawezi kukaa pamoja?"

Nilimjibu kwamba kitabu cha ubatizo hakina nafasi. Haikuwa kweli. Safu ile ilikuwa pana kama kiganja changu. Mke wangu aliniangalia, akainamia ungo. Bibi alisema tu, "Haya, wewe ndiye unayejua kitabu," akaaga, karanga akatuachia.

Usiku wa Pasaka vijana wote wawili walibatizwa, na katika kitabu cha parokia, mjini Mpanda, waliandikwa mstari mmoja chini ya mwingine: Yosefu, mwana wa fulani, Yosefu, mwana wa fulani. Ungeyasoma ungedhani mwandishi alisahau akaandika mtu yuleyule mara mbili.

Tangu siku ile kijana wa bibi aliniita somo, kama ilivyo desturi ya watu wa jina moja, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mpole, mwenye mikono ya kazi. Tulipofyatua matofali ya kanisa yeye ndiye aliyekanyaga udongo kuliko wote, na akipita kwangu jioni alikuwa akiita kutoka barabarani, "Somo, umeshindaje?" hata kama tuliachana saa moja tu iliyopita.

Miaka miwili baadaye yule wa kwanza, fundi baiskeli, alioa. Padre alikuja kigangoni, akafungisha ndoa sita kwa siku moja. Kanisani kwetu, mtu akioa, ndoa yake huandikwa pia kwenye kitabu cha ubatizo, pembeni ya jina lake, ili asije akaoa mara ya pili mahali pengine. Macho ya padre yalikuwa yamechoka, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Aliwahi kuusifu mbele ya makatekista wote wa parokia, akisema unafanana na wa mashine. Kwa hiyo alinipa mimi kazi ya kunakili ndoa zile sita. Nilifika parokiani asubuhi kwa baiskeli, nikakaa na vitabu viwili mbele yangu, na kufika adhuhuri nilikuwa nasikia harufu ya maharage kutoka jikoni kwa masista. Nilitafuta Yosefu, mwana wa fulani. Nikampata. Nikaandika pembeni yake kwa mwandiko wangu mzuri, nikakausha wino, nikaenda kula. Mstari wa chini yake sikuutazama.

Hivyo kijana wa bibi akawa na mke kitabuni, naye hajui, nami sijui.

Ilipita miaka mingine miwili. Yeye alijenga nyumba ya vyumba viwili karibu na ya bibi yake, akatia dirisha la mbao lililofunga vizuri, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa nalo. Alitaka kumwoa binti mmoja wa Misunkumilo, msichana aliyeshika sauti ya pili katika kwaya yao na aliyecheka kwa kuziba mdomo kwa khanga. Mambo ya wazazi yalikwisha. Baba wa binti alikuwa mzee wa kanisa, mkulima, mtu wa maneno machache, na alitoa sharti moja tu: ndoa ifungwe kabla ya Kwaresima. Hakutaka binti yake akae mchumba mpaka baada ya Pasaka na watu wakimsema kila siku kisimani.

Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Niliyasoma ya kwanza. Niliyasoma ya pili. Jumamosi kabla ya Jumapili ya tatu nikapata barua ya padre, mistari miwili: nisitangaze tena, kijana huyu kitabu kinaonyesha ameshaoa, nifike parokiani Jumatatu.

Jumapili ile sikutangaza. Watu wote walisikia kwamba sikutangaza.

Jumatatu padre alinifungulia kitabu. Alikuwa mzungu wa miaka mingi kwetu, anajua Kiswahili pamoja na mizaha yake.

"Somo wako anataka wake wawili kama Yakobo?"

"Hapana, Baba."

"Basi soma mwenyewe."

Nilisoma. Kabla ya kusoma maneno nilishaona mwandiko. Unafanana na wa mashine.

"Inawezekana hawa ni watu wawili?" akaniuliza.

"Inawezekana, Baba."

"Inawezekana, au ni wawili?"

Na mimi niliwajua. Mmoja alikuwa ameziba pancha ya baiskeli yangu wiki ile ile, baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta wa nje hapo tulipokuwa. Wa pili aliniita somo kila jioni. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne: ni wawili, nimekosea mimi. Padre alikuwa na kalamu mkononi. Lakini mwezi ule alikuwa akitafuta mtu wa kuwa katekista mkuu wa parokia nzima, na nilikuwa nimedokezwa kwamba jina langu limetajwa, kwa sababu ya uangalifu wangu katika vitabu.

"Nipe muda nichunguze, Baba," nikasema.

Alinitazama kidogo, akafunga kitabu. Kesho yake aliondoka kwenda safari ya vigango vya mbali. Alitarajia kurudi siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu.

Kijana alikuwa akinisubiri, amekaa juu ya matofali yaliyobaki ya kanisa.

"Somo, wamesemaje?"

"Kitabu kimekosea. Padre akirudi kitatazamwa."

"Kitabu kinakosea chenyewe?"

"Subira, somo. Kanisa haliendi mbio."

Alikubali. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko lawama zote. Neno subira nimelifundisha maisha yangu yote, ni neno takatifu, ninaliishi mpaka leo na ninamshukuru Mungu kwa kunipa. Siku ile nililitumia kama pazia.

Baada ya wiki moja baba wa binti alikuja. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, nijibu neno moja. Ana mke au hana?"

"Hana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sasa mbona hukutangaza?"

"Padre yuko safarini. Akirudi atalitazama."

"Atatazama nini, kama hana mke na wewe una hakika?"

Nilikohoa, nikasema mambo ya vitabu yana taratibu zake. Alinikazia macho mpaka nikatazama pembeni.

"Unamficha," akasema. "Ni somo wako, unamficha. Mimi sikulaumu. Lakini binti yangu si wa kufichiwa."

Kwa hiyo ukimya wangu ukawa ushahidi, na ushahidi wenyewe ukamwangukia asiye na kosa. Nilimwona mzee yule akiondoka kwa hatua za haraka kwenye njia ya mashambani, na nilijua kwamba nikimwita atasimama. Nilikuwa na sauti ya kutosha. Ndiyo kazi yangu kupaza sauti. Sikumwita.

Mvua zilikuwa nyingi. Gari la padre lilikwama njiani, akafika parokiani siku moja baada ya Jumatano ya Majivu. Ndoa katika Kwaresima hazikufungwa kwetu. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba ya kwanza, niliendesha baiskeli kwenda mjini na nikamwambia padre kila kitu, kuanzia harufu ya maharage mpaka habari ya katekista mkuu. Hakunikaripia. Alifungua kitabu, akapiga mstari, akaandika upya kwenye mstari wa chini, akatia sahihi. Chai aliyomiminiwa ilikuwa bado ina moto alipomaliza.

"Ni hili tu?" akaniuliza. "Ungeniambia Jumatatu ile."

"Ndiyo, Baba."

"Kijana umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie."

Nilirudi na barua ya padre, nikawaonyesha kijana na bibi yake, nikasema kwa furaha, "Kitabu kimesahihishwa." Hivyo tu. Kimesahihishwa, kama vile kilipata homa kikapona. Kisha nikaipeleka barua Misunkumilo. Mama wa binti ndiye aliyenipokea. Alisema mumewe amepanda treni jana na binti, wamekwenda Tabora kwa shangazi yake. Baada ya Pasaka tulisikia ameolewa hukohuko, na mtu mwema, wa reli.

Kijana alikuja kwangu jioni ile niliporudi.

"Somo, wamempeleka?"

"Wamempeleka."

Alishika nguzo ya baraza langu, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayejaribu kama imekaa imara. "Haya," akasema. Akaenda zake. Bibi yake alikuja peke yake siku ya tatu. Hakukaa, na safari hii hakuwa na ungo.

"Mwalimu, ungeandika lile jina."

"Ndiyo, bibi."

"Wangekuwa wawili hata kitabuni."

"Ndiyo."

Nilikuwa na mwaka mzima wa kumwambia kwamba mkono ulioandika vibaya ni huu. Nilimpitia kila Jumapili. Alikufa masika yaliyofuata, nami ndiye niliyesoma sala za maziko, nikaomba Mungu ampokee mtumishi wake, na wakati wote huo nilikuwa na deni la maneno machache ambayo hayangeweza tena kumfikia. Baada ya arobaini mjukuu wake alifunga nyumba yake ya vyumba viwili, dirisha akaligongea misumari, akapanda lori la kwenda Karema.

Ukatekista mkuu alipewa mtu mwingine. Padre hakuwahi kuniambia kwa nini, na sikuuliza.

Wakati ule ndipo nilipoanza kuisoma tena habari ya Raheli hadi mwisho wake, sehemu ambayo darasani nilikuwa naiacha. Mungu alimwongezea, kama alivyoomba. Na alipokuwa akijifungua yule wa kuongezewa alikufa njiani, na kwa pumzi yake ya mwisho akampa mtoto jina la uchungu wake. Baba akalibadilisha, akampa jina jema zaidi. Lakini jina la mama halikufutwa. Aliyeandika Maandiko aliyaweka yote mawili, moja karibu na jingine, na safu ikatosha. Nilikuwa nimeifundisha habari hiyo miaka yote, na mwanamke aliyemfunika mtoto kwa jina alipokuja kwenye mkeka wangu sikumtambua.

Ilinichukua misimu miwili ya kiangazi kulitii neno la padre. Hatimaye niliomba nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka mahindi Karema na kurudi na dagaa. Nilifika nikiwa mweupe kwa vumbi. Nilikaribishwa na katekista wa huko, mtu mnene mwenye kicheko, ambaye baba yake na babu yake walisali katika kanisa la zamani la hapo. Nilimweleza ninamtafuta kijana kutoka kwetu anayeitwa Yosefu.

"Yosefu?" akacheka mpaka akafuta macho. "Ndugu yangu, ukiita Yosefu kule mwaloni mitumbwi kumi itageuka. Yosefu wa nani?"

Nikamtajia jina la baba.

"Hao nao wamejaa. Jina lake la kwao ni lipi?"

Nilisita. Katika miaka yote ile jina lile sikuwahi kulitamka kwa kinywa changu. Nikalitamka. Mke wa katekista, aliyekuwa akisonga ugali nyuma yetu, akajibu kabla ya mumewe.

"Ah, huyo. Si yule wa nyavu, karibu na mwembe uliokatika? Mbona hukusema?"

"Wewe unamwandikaje?" nikamuuliza katekista mwenzangu.

"Nani, watu wangu? Yote mawili. Nisipoandika yote mawili nitamzika mtu ambaye bado anavua."

Asubuhi nilimkuta kijana wangu mchangani, ameinama, anageuza dagaa waliotandazwa kwa ufagio wa vijiti. Alikuwa amekomaa na kuwa mweusi kwa jua la ziwa. Mwanamke kijana alikuwa mbele kidogo akifanya kazi hiyohiyo na mtoto mgongoni. Aliponiona alinyooka, akafuta mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nilisubiri neno jingine. Halikuja.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Nimeulizia."

"Umeniulizia kwa jina gani? Huku Yosefu hawanijui."

"Kwa jina alilokupa bibi yako."

Akanitazama kwa mara ya kwanza hasa. "Umelitaja wewe?"

"Nimelitaja mimi."

"Bibi angesikia angekupikia jogoo," akasema, akatabasamu kidogo, akarudia ufagio wake.

Katika habari ya Misri, Yosefu alipotaka kujitambulisha kwa ndugu zake aliwatoa watu wote nje kwanza, ndipo akajitaja. Mimi sikuwa na mlango wa kufunga. Palikuwa na wanawake, mbuzi wawili na watu wanaobeba makasia. Nilisema pale pale.

"Nimekuja kukuambia jambo. Kile kitabu hakikukosea. Mimi ndiye niliyeandika ndoa ya mwenzio kwenye mstari wako. Na niliuona mwandiko wangu Jumatatu ile ile, nikanyamaza."

Aliendelea kugeuza dagaa. Alimaliza safu moja, akaanza nyingine.

"Jumatatu ile."

"Ndiyo."

"Padre hajaondoka."

"Hajaondoka. Alikuwa na kalamu mkononi."

"Na mimi niko juu ya matofali nakusubiri."

"Ndiyo."

Akasimama, akaegemea ufagio. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi. Alichosema sikuwa nimejiandaa nacho.

"Mimi nilidhani ni yule fundi baiskeli. Nilidhani alikwenda kuandikisha kwa jina langu ili mimi nisioe, maana naye alimtaka yule binti zamani. Nilimchukia, mwalimu. Miaka yote. Alikuja kwenye msiba wa bibi akanipa mkono, sikuupokea, mbele ya watu."

Nilikumbuka. Nilikuwa pale, na kitabu cha sala mkononi, nikadhani ni uchungu wa msiba.

"Hakufanya lolote," nikasema.

"Sasa najua." Akashika tena ufagio. "Ukirudi umwambie namsalimu."

Nilimwambia kwamba nimekwenda parokiani na, kwa ruhusa ya padre, nimeandika jina alilopewa na bibi yake kwenye ile safu, pembeni ya Yosefu, na kwamba limeenea vizuri. Aliitikia kwa kichwa. Nikauliza habari ya mtoto aliye mgongoni. Alikuwa wa kike, amepewa jina la bibi mwenyewe. Nikasema kama wanataka abatizwe, na wao wenyewe wakitaka ndoa yao ibarikiwe, mimi niko tayari kuwafuatilia karatasi zote.

"Katekista wa hapa atatuandika," akasema kwa upole. "Wewe usihangaike."

Alinifungia dagaa kwenye kifurushi cha majani, akanisindikiza hadi kwenye lori, akabeba mkoba wangu, akanisaidia kupanda. Aliniita mwalimu kila mara, kwa heshima zote. Mpaka lori linaondoka nilikuwa bado nasikiliza kama ataniita somo. Simlaumu. Jina nililompa lilikuwa zuri, nalo la bibi lilikuwa zuri, na mimi nilimwachia moja tu la kwenda nalo.

Nilipofika kwetu sikwenda nyumbani kwanza. Nilishukia kwa fundi baiskeli. Alikuwa chini ya mti wake wa mnyaa, gurudumu kati ya magoti, anatafuta tundu kwenye mpira kwa kuutia katika karai la maji.

"Yosefu," nikamwambia, "nimekuletea salamu kutoka Karema."

"Za nani?"

Nikalitaja lile jina la nyumbani. Mapovu yalikuwa yanatoka kwenye mpira, naye hakuyatazama tena.

"Amenisalimu yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwani nilimkosea nini, mwalimu? Mpaka leo sijui."

Nikavuta kile kigoda chake cha wateja, nikakaa, nikaanza kumweleza.